Miti Sita ya Nyuma ya Nyumba

Mjukuu wangu aliyeolewa mjini alikuja kunitembelea wiki chache zilizopita, akakuta kahawa imechanua. Alisimama uani akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Bibi," akasema, "harufu hii wangeitia kwenye chupa ningenunua." Nikamwambia angenunua peke yake. Mimi harufu ya maua ya kahawa hunipa kichefuchefu, na si kwa sababu ya uzee. Siku zile tatu au nne ambazo miti inakuwa myeupe mimi nafunga madirisha ya upande wa shamba na kukaa jikoni, ambako moshi unanisaidia. Wa rika langu niliokua nao Muleba nikiwatajia neno butura tu, wanatikisa kichwa. Vijana inabidi niwaeleze.

Butura ilikuwa hivi. Mtu mwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, akibanwa na shida, hakungoja kahawa iive. Miti ikisimama na maua alimwita mwenye fedha, wakazunguka pamoja katikati ya migomba wakiitazama, kisha mwenye fedha akatoa kitu kidogo, pengine theluthi ya thamani ya kahawa waliyoikadiria kwa madebe, na tangu hapo mavuno ya miti ile yakawa yake, na madebe yakipungua, pungufu likawa deni. Kupalilia utapalilia wewe, kuchuma utachuma wewe, kuanika utaanika wewe. Gunia atabeba yeye. Serikali ya Mwingereza ilikataza, machifu wakakataza, kanisani tukakemewa, na kwa kuwa ilikatazwa haikuandikwa popote. Ilikaa katika vinywa vya watu wawili, na kinywa cha mwenye fedha ndicho kilichokuwa na kumbukumbu nzuri zaidi.

Baba yangu, niliyemwita Tata, aliuza maua kila mwaka. Aliyeyanunua alikuwa Ta Byabato, mwanamume mnene, mpole, aliyenusa tumbaku na kucheka polepole. Kila alipokuja aliniletea kipande cha sukari guru kilichofungwa katika jani la mgomba. Nilimpenda, na sitaficha. Kwa akili yangu ya miaka saba nilidhani ananunua maua yenyewe. Niliona maua yakinyauka na kuanguka baada ya siku chache, nikamwona Tata kuwa mjanja kupita wanaume wote wa kwetu Ihangiro, maana alikuwa anauza kitu kinachooza. Nikamwonea huruma Ta Byabato. Mwaka mmoja nilimwokotea maua yaliyoanguka, nikampa kwenye kikapu kidogo, nikamwomba radhi kwamba ni machache. Alicheka akajishika tumbo, Tata naye akacheka. Mae, mama yangu, alikuwa mlangoni anamenya ndizi, naye hakucheka.

Tata hakuwa mlevi wala mvivu, nataka hilo lijulikane. Shida yake ilikuwa kwamba hakuweza kumwangusha mtu aliyemtazama usoni. Jirani akifiwa, Tata ndiye aliyetoa sanda. Mgeni akija, pombe ya rubisi inatafutwa, na kama yetu ya ndizi haijaiva ilichukuliwa kwa jirani kwa ahadi. Mwenye duka la barabarani alikuwa akimwita kutoka mbali, "Ta Rwiza, pita basi, kuna kitambaa kipya," na Tata alipita. Alitoka huko na kitambaa, na mafuta ya taa, na kiberiti, vyote vya kulipa baadaye. Hata baiskeli alikuwa nayo, kwa mali kauli, na Jumapili aliniweka mbele tukateremka kilima hadi kanisani, mimi nikipiga kengele mpaka watu wakajitupa majanini. Wahenga wamesema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikuwa mtoto wa harusini.

Mchana mmoja wa mvua Mae alimwomba Tata aketi. Hakunitoa nje kwa sababu mvua ilikuwa kubwa.

"Waitu," akamwambia, kama mke wa kwetu anavyomstahi mumewe, "nitajie watu wote wanaotudai."

"Wote wa nini?"

"Wote. Nataka niwasikie kwa mdomo wako."

Tata alicheka kidogo. Akamtaja mwenye duka. Akamtaja fundi wa baiskeli, ambaye alikuwa hajafikishiwa hata nusu. Akamtaja jirani wa rubisi. Akaishia hapo.

"Na Ta Byabato," alisema Mae, kisu cha kumenyea ndizi hakijasimama.

"Yule si deni. Yule ni rafiki."

"Rafiki huyo anatudai madebe mangapi?"

Tata akatazama mvua. Ndipo Mae alipomtoa neno moja moja. Mavuno mawili yaliyopita hayakutosha kufikia kahawa iliyouzwa ikiwa maua. Pungufu lilisogezwa mbele, likaongezwa juu yake, na juu ya hilo maua mengine yakauzwa. Sasa madebe tuliyodaiwa yalizidi miti tuliyokuwa nayo. Hatua iliyokuwa imebaki ilikuwa kibanja chenyewe, na katika kibanja kile alikuwa amezikwa babu yangu.

Mae alifuta mikono. "Kahawa ni ya mwanamume," akasema. "Sina neno juu yake. Lakini nisikilize. Miaka miwili hatukopi, si chumvi, si kiberiti. Baiskeli irudi kwa fundi. Kahawa iliyoko mitini aichukue Ta Byabato, lakini maua yanayokuja yawe yetu, yaive yakiwa yetu, tuyapeleke kwenye chama cha ushirika kwa bei ya haki, tumlipe fedha. Mimi nitalima rweya na kusuka mikeka. Maua yakiuzwa tena, hata ya tawi moja, sitakuwepo yakiiva. Nitarudi kwetu Kashozi."

"Utamwacha mtoto?"

"Mtoto ni wa ukoo wenu. Unajua sitaruhusiwa kumchukua. Ndiyo maana nakuomba mapema."

Tata aliapa. Mimi katika maneno yote yale nilishika moja tu, kwamba baiskeli inaondoka, nikalia kwa ajili ya baiskeli.

Basi tukaanza kuishi kwa mikono yetu. Rweya ni uwanda wa nyasi nje ya vibanja, ardhi iliyochoka ambayo wanaume hawaihangaikii, na huko Mae alilima njugu mawe akiwa ameinama tangu umande mpaka jua la utosi. Akirudi alisuka mikeka. Tulikula ndizi na maharage bila chumvi. Tata alionja, akakunja uso, akasema, "Chumvi leo imekwenda safari," nasi tukacheka, hata Mae. Wenzake hawakumwacha salama. Walimwuliza njiani kama kanzu bado anavaa yeye au amemwachia mkewe. Alicheka nao, lakini alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kupalilia, na alipalilia kwa hasira mpaka vumbi likatimka.

Mdai mdogo ndiye aliyelipwa kwanza, jirani wa rubisi. Kisha mwenye duka. Siku ile Mae alinichukua, akaweka fedha za njugu juu ya meza ya duka, akangoja jina letu lipigwe mstari mbele ya macho yake, ijapokuwa hakujua kusoma. Mwenye duka akamfunulia vitambaa. Mae alivishika, akavisifu, akamrudishia. Njia nzima aliimba. Sijapata kumwona mtu mwingine akitoka dukani mikono mitupu akiwa na furaha kiasi kile.

Mvua zilipokaribia, alifunga mikeka akaipeleka Bukoba, akalale kwa ndugu yake wa kike katika mtaa wa Bakoba mpaka iishe. Alisema siku nne. Siku ya pili yake tuliamka tukakuta miti yote imechanua, kibanja kizima kimejaa ile harufu. Tata alitembea katikati ya miti akigusa matawi. "Haya ni yetu," akaniambia. "Yote haya."

Siku hiyohiyo nilifukuzwa shule. Ada ilikuwa imechelewa na mwalimu alikuwa amesubiri vya kutosha. Alitutoa watatu mbele ya wenzetu, tukashika njia. Wale wawili walirudi nyumbani kimya kimya. Mimi nilirudi nikipiga kelele. Nilijigaragaza uani mbele ya Tata, nikamwambia nimechoka kula bila chumvi, nimechoka kutembea kwa miguu, wenzangu wananicheka. Halafu nikasema neno ambalo ningekatwa ulimi kabla ya kulisema ingekuwa afadhali. Nilisema, "Laiti baba yangu angekuwa Ta Byabato."

Tata hakunipiga. Aliinuka kwenye gogo alilozoea kukalia, akavaa kanzu akaondoka. Kabla ya jua kufika utosini alirudi na Ta Byabato. Hawakuzunguka kibanja kizima safari hii. Walikwenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo njia haipiti, wakasimama mbele ya miti sita. Ta Byabato alinipa sukari guru, akanishika kidevu, akasema, "Mwana wange, utasoma." Fedha aliyotoa ilikuwa ada kamili, hakuongeza hata senti ya chumvi, na Tata hakuomba.

"Usimwambie Mae," Tata aliniambia. "Nitamwambia mwenyewe."

Nilidhani anamfichia zawadi. Nilikuwa nimerudi shule, deni halikuongezeka kwa kadiri nilivyoelewa mimi, na kilichouzwa ni maua ya miti sita ambayo yangeanguka kesho kutwa. Nilikaa na habari ile tumboni siku mbili nzima mpaka nikawa naumwa nayo. Mae alipotokea njiani na mzigo mdogo kichwani nilimkimbilia, na kabla hajatua nikasema, "Mae, nimerudi shule! Tata amepata ada!"

Alifurahi. Nakumbuka kwamba kwanza alifurahi. "Ameipata wapi?"

"Kwa Ta Byabato. Ameuza maua tu, Mae. Kahawa imebaki."

"Mingapi?"

"Sita. Sita tu, ile ya nyuma."

Alitua mzigo. Akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo, akarudi. Tata alikuwa amesimama mlangoni. Alianza kusema kuhusu mwalimu, kuhusu machozi yangu, akasema miti sita si kitu katika miti yote ile, na Mae akamsikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alisema tu, "Leo ni sita, na tena kwa jambo jema. Mara zote lilikuwa jambo jema, waitu." Kisha alifungua fundo la nguo yake akatoa chumvi aliyoinunua mjini kwa fedha taslimu, akapika. Mimi nilikula mpaka nikalamba bakuli, nikiwa sijaonja kitu kitamu kama kile kwa miezi.

Asubuhi aliniosha, akanipaka samli miguuni, akanipa kibao changu cha kuandikia. Nilimwambia nataka kubaki naye kwa kuwa alikuwa ametoka safari. "Ada imelipwa," akasema. "Nenda. Isiwe imelipwa bure." Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniachia. Nikaenda. Siku ile tulifundishwa hesabu za kutoa, naye mwalimu akanisifu. Niliporudi, Tata alikuwa kwenye gogo lake na kisu cha Mae cha kumenyea ndizi hakikuwepo. Vyombo vingine vyote aliviacha.

Nilimlaumu Tata, kisha nikamlaumu mwalimu. Ta Byabato sikumlaumu kwa muda mrefu, kwa sababu sukari guru ni kitu kibaya kwa mtoto. Ilinichukua miaka kufika kwangu mwenyewe, na tangu nifike hapo sijahama. Wengi wameniambia mtoto hana hatia, hata padri aliniambia. Najua. Lakini mdomo uliosema "sita tu" ni huu huu ninaolia chakula hadi leo.

Shangazi alikuja kukaa nasi ili nisilale bila chakula, na Tata akabadilika. Sasa ndipo alipofanya yote aliyoapa. Alilima rweya yeye mwenyewe, kazi ya wanawake, watu wakisimama kumtazama. Mwenye duka alimwita akapita bila kugeuza shingo. Fundi wa baiskeli, ijapokuwa alikwisha kurudishiwa baiskeli yake, alimaliziwa fedha za uchakavu. Kahawa ile ilipoiva, ya miti sita ilikwenda kwa Ta Byabato, na iliyobaki, iliyokuwa yetu, tuliipeleka kwenye chama tukalipa sehemu ya madebe ya zamani. Ta Byabato alikuja na sukari guru maua mengine yalipotoka, Tata akamkaribisha kiti, wakaongea habari za mvua, akaondoka bila kununua kitu. Lakini deni la zamani lilikuwa refu. Tata alisema, tukienda hivi, mwaka wa nne tutakuwa watu. Nikahesabu kwa vidole umri nitakaokuwa nao Mae akirudi.

Kumbe haikufika miaka minne. Kiangazi kilichofuata alikuja mjomba wangu kutoka Kashozi, kaka yake Mae, pamoja na mzee mmoja wa kwao. Tata alikuwa amewaita wazee watatu wa ukoo wetu, nao waliketi ndani wakiwa wamevaa kanzu safi. Mimi nilipeleka rubisi. Nilimwona mjomba akifungua kitambaa, fedha nyingi kuliko nilizowahi kuona zikamwagika juu ya mkeka. Wazee walizihesabu, wakazihesabu tena. Mjomba hakunitazama. Nilipokuwa natoka nilimsikia akimwambia Tata, "Mwenyewe ameniagiza nikuambie, wa maua alipwe kwanza."

Wa rika langu mmekwisha kuelewa. Mke wa kwetu akiondoka na kuposwa kwingine, watu wa kwao humrudishia mume wa kwanza mahari yake, na hapo ndipo neno la ndoa linapokatika. Mimi nilielewa vingine. Mae aliondoka kwa sababu ya deni. Mae ametuma fedha za kulipa deni. Deni likiisha, Mae anarudi. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi tangu siku ile, na hata leo sioni nilipokosea.

Sijui kwa nini alifanya vile. Labda alichoka kungoja, akapata mtu mpole akaolewa kama wanawake wengine wanavyoolewa. Labda aliona kibanja chenye kaburi la baba mkwe wake, na mwanawe ndani yake, kinakwenda mikononi mwa Ta Byabato, naye hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda Kashozi kumwuliza, nikakuta ameshakufa, nikasalimiana na watoto wake wanaofanana nami.

Siku ile, mjomba na wazee walipoondoka, Tata alichukua kile kitambaa akaenda kwa Ta Byabato. Mimi nikaenda rweya na panga dogo. Nilikata nyasi laini zile wanazotandika sakafuni mgeni wa heshima anapotarajiwa, nikabeba mizigo mitatu, nikafagia za zamani nje, nikatandika mpya kuanzia mlangoni hadi mahali Mae alipokuwa anaketi. Shangazi aliniuliza nini hii, nikaendelea kutandika. Nilitaka iwe siri mpaka mwenyewe afike.

Tata alirudi jua likiwa linaelekea magharibi. Alisimama mlangoni akaziona zile nyasi.

"Tumemaliza," akasema. "Hakuna mtu duniani anayetudai."

"Sasa Mae anafika lini? Kesho?"

Aliketi palepale mlangoni, na kanzu yake safi. "Mama yako haji, mwanangu. Ameolewa na mtu mwingine."

"Lakini ametuma fedha!"

"Hakutuma." Alitafuta namna ya kunieleza, na mimi nilimwona akitafuta. "Zile fedha ndizo mama yako. Nilizitoa kwao nilipomwoa. Sasa wamenirudishia, na mimi nimempa Ta Byabato."

Nilifikiri kwa bidii yote niliyokuwa nayo. Halafu nikaona njia, nikashangaa kwamba mtu mzima hakuiona, nikamshika Tata mkono nikamvuta ainuke.

"Basi twende tukakope tena," nikamwambia. "Ta Byabato anatupenda, hatatunyima. Atupe zilezile, tukamchukue Mae."

Tata akasema hapana. Alilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, na kwa neno lile nilimchukia miaka mingi. Ndilo neno ambalo Mae alilingoja katika nyumba ile tangu siku aliyoolewa.